Slivu au baipasi: kilo ngapi zitatoka, na ngapi zitarudi

Kliniki moja inakuambia utapungua asilimia 67. Nyingine inakuambia asilimia 31. Inawezekana kabisa zote mbili zinasema kweli, tena kuhusu upasuaji uleule na mwili uleule. Kinachotofautiana ni kigawanyo. Kabla ya kuweka aina za upasuaji wa kupunguza uzito bega kwa bega, hili lazima liwekwe sawa, kwa sababu watu wanafanya uamuzi wa maisha yao yote kwa kulinganisha namba zisizolingana.

Hesabu ya kwanza huchukua kilo ulizopungua na kuzigawa kwa uzito wako wote wa siku ya upasuaji. Ya pili huzigawa kwa uzito wa ziada tu, yaani zile kilo zinazozidi uzito ambao ungekuwa nao kama BMI yako (uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wa mita mara mbili) ingekuwa 25. Mchukue mtu wa urefu wa mita 1.65 mwenye kilo 128. BMI yake ni 47. Kwa urefu huo, BMI ya 25 ni kilo 68, kwa hiyo ziada yake ni kilo 60. Akipungua kilo 40, hesabu ya kwanza inasema amepoteza asilimia 31 na ya pili inasema asilimia 67. Kilo ni zilezile.

Sasa mweke karibu yake mtu wa urefu huohuo mwenye kilo 98, BMI 36, ambaye ziada yake ni kilo 30. Kila mmoja apoteze robo ya uzito wake. Yule mwepesi anashuka kilo 24 na nusu, na hesabu ya ziada inampa asilimia 82. Mzito anashuka kilo 32, naye anapewa asilimia 53. Aliyepungua kilo nyingi zaidi ndiye anayeonekana kwenye karatasi kuwa amefeli! Ndiyo maana kliniki inayopokea zaidi wagonjwa wasio wazito sana inaweza kutangaza asilimia za kuvutia bila daktari wake kuwa hodari kuliko wa kliniki ya jirani. Humu, nikitaja asilimia bila kusema zaidi, ni ya uzito wote. Ikiwa ni ya uzito wa ziada nitasema.

Wawili wanaochuana

Duniani kote wengi wanaofanyiwa upasuaji huu hufanyiwa slivu au baipasi, kwa hiyo hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwenye slivu, daktari anakata na kutoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, akiacha bomba jembamba. Kilichotolewa hakirudishwi. Pamoja nacho huondoka eneo linalozalisha kwa wingi ghrelini, homoni inayochochea njaa, na ndiyo sababu wengi hushangaa kwamba miezi ya mwanzo hawapambani na njaa kabisa. Utumbo hauguswi.

Kwenye baipasi, mfuko wa tumbo unagawanywa karibu na juu kabisa, kinabaki kifuko cha mililita 15 hadi 30. Vijiko viwili vya mezani vya maji vinakijaza. Kisha utumbo mwembamba unakatwa na sehemu yake ya chini inapandishwa na kushonwa kwenye kifuko hicho. Chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya tumbo wala kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Tumbo lililobaki halitolewi. Linakaa mahali pake, linaendelea kutoa majimaji yake, na majimaji hayo hukutana na chakula mbele zaidi. Kufika kwa chakula mapema kwenye utumbo hupandisha homoni za shibe, hasa GLP-1 na PYY, na hilo ni sehemu ya nguvu ya baipasi dhidi ya kisukari.

Upasuaji wote wawili hufanyika kwa matundu madogo. Katika vituo vyenye uzoefu, hatari ya kufa ni takriban mtu 1 katika kila 1,000, ambayo iko karibu na hatari ya kutolewa kifuko cha nyongo. Nalitaja hili kwa makusudi. Wengi huogopa meza ya upasuaji kupita kiasi, halafu hawaogopi kabisa miaka 10 inayofuata, wakati maamuzi magumu yako kwenye hiyo miaka 10.

Kilo, mwaka hadi mwaka

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia kumbukumbu za watu wazima 46,510. Wastani wa uzito uliopotea ulikuwa hivi (mkanda wa tumbo ni ule unaofungwa sehemu ya juu ya tumbo ili lishike chakula kidogo):

| Aina | Baada ya mwaka 1 | Baada ya miaka 5 |
|---|---|---|
| Baipasi | asilimia 31.2 | asilimia 25.5 |
| Slivu | asilimia 25.2 | asilimia 18.8 |
| Mkanda wa tumbo | asilimia 13.7 | asilimia 11.7 |

Mrudie mtu wetu wa kilo 128. Kwa wastani huo, baada ya mwaka mmoja baipasi ingemfikisha kama kilo 88, slivu kilo 96, mkanda kilo 110. Baada ya miaka 5 angekuwa na kilo 95 kwa baipasi, 104 kwa slivu na 113 kwa mkanda. Soma safu ya pili kuliko ya kwanza. Picha za kabla na baada zinazosambaa mitandaoni karibu zote ni za mwaka wa kwanza au wa pili, yaani za siku ambazo uzito uko chini kuliko utakavyokuwa tena.

Tofauti ya kilo 9 kati ya slivu na baipasi inaonekana kubwa. Lakini kwenye kumbukumbu za hospitali, mgonjwa na daktari wake walikwisha kuchagua, na waliochagua slivu si watu sawa na waliochagua baipasi. Njia safi zaidi ni kuwagawa wagonjwa kwa kura. Finland walifanya hivyo kwa watu 240 na kuwafuatilia miaka 10. Kwa hesabu ya uzito wa ziada, mgonjwa wa katikati kwenye kundi la slivu alikuwa amepoteza asilimia 43.5, na wa baipasi asilimia 50.7. Uswisi walipiga kura kama hiyo kwa watu 217, na baada ya miaka 5 ikawa asilimia 61.1 ya ziada kwa slivu na 68.3 kwa baipasi, pengo ambalo kitakwimu halikutosha kusema mmoja amemshinda mwenzake.

Pointi 7 hivi za uzito wa ziada. Kwa mtu wetu mwenye ziada ya kilo 60, hizo ni kilo 4 au 5.

Baipasi inapunguza zaidi, hilo sibishani nalo, na ushahidi wa miaka mingi unaelekea huko. Ila kilo 5 si sababu ya kutosha ya kubadilisha njia ya chakula mwilini mwako moja kwa moja, wala si sababu ya kutosha ya kuikataa. Na kuna jambo lililonigusa zaidi kwenye matokeo ya Finland. Ndani ya kila kundi, kulikuwa na mtu aliyebaki na upungufu wa asilimia 2 tu ya ziada yake, na mwingine aliyevuka asilimia 100, yaani aliyeshuka chini ya BMI 25. Umbali kati ya watu waliofanyiwa upasuaji uleule ni mkubwa mno kuliko umbali kati ya slivu na baipasi. Ukiambiwa "utapungua kilo 40", uliza ni wangapi waliopungua 20.

Mwendo wenyewe unafanana kwa wote wawili. Siku za kwanza mgonjwa hunywa maji kwa vikombe vidogo kama vile vya kupimia dawa, mililita 30 kwa mara moja, akinyonya kidogo kidogo hadi kikombe kimoja kimchukue robo saa. Akigugumia, kifua kinabana na maji yanarudi. Wiki hizo za mwanzo kilo hushuka kwa kasi, halafu mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 4 mizani inasimama, mtu anadhani upasuaji umeharibika. Haujaharibika. Mwili unarekebisha maji yake, na baada ya siku kadhaa uzito unaendelea kushuka. Sehemu kubwa ya kilo zitakazotoka huwa zimetoka ndani ya miezi 6, na sehemu ya chini kabisa hufikiwa kati ya mwezi wa 12 na wa 18, wengine hadi wa 24.

Kisha baadhi ya kilo hurudi. Hii si dalili kwamba mtu amezembea. Ndiyo kawaida ya mwili, na wastani unaonyesha hivyo kwa kila kundi lililowahi kufuatiliwa vizuri. Watafiti wa Utah, Marekani, waliwafuata waliofanyiwa baipasi kwa miaka 12: mwaka wa 2 walikuwa wamepungua wastani wa kilo 45, mwaka wa 6 kilo 36.3, mwaka wa 12 kilo 35. Angalia mahali mteremko unapoishia. Kilo karibu 9 zilirudi ndani ya miaka 4, halafu kwa miaka 6 iliyofuata karibu hakuna kilichorudi. Nchini Sweden, ambako wagonjwa walianza kuandikishwa mwaka 1987, waliofanyiwa baipasi walikuwa bado chini kwa asilimia 27 baada ya miaka 15, huku wenzao wasiofanyiwa upasuaji uzito wao ukiwa umebaki karibu palepale. Vifo navyo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa.

Kinachostahili kuamua

Kama kilo haziamui, nini kiamue? Kwa maoni yangu ni kiungulia kwanza, kisukari pili, dawa unazotumia tatu. Kwa mpangilio huo.

Kiungulia. Bomba la slivu ni jembamba na shinikizo ndani yake ni kubwa, hivyo asidi hupata urahisi wa kupanda kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni. Uswisi, miongoni mwa waliokuwa na tatizo hili kabla ya upasuaji, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 31.8 ya waliopata slivu, dhidi ya asilimia 6.3 ya waliopata baipasi. Na liliisha kabisa kwa asilimia 60.4 wa baipasi, dhidi ya 25 wa slivu. Finland, baada ya miaka 10, kamera iliyopitishwa kooni ilikuta umio umevimba au kuchubuka kwa asilimia 31 ya watu wa slivu na asilimia 7 tu ya watu wa baipasi. Hizi ndizo namba zinazostahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye vyumba vya ushauri, kuliko zile za kilo. Mtu anayelala na mito mitatu kwa sababu ya asidi, akachagua slivu kwa kuwa "ni nyepesi", ana nafasi kubwa ya kurudi mezani miaka michache baadaye ili slivu yake igeuzwe baipasi. Amelipia hatari ya upasuaji mara mbili.

Kisukari cha aina ya pili. Utafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, uliwagawa kwa kura wagonjwa 150 wa kisukari: baipasi, slivu, au dawa peke yake. Baada ya miaka 5, waliokuwa na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi 2 hadi 3) ya asilimia 6.0 au chini walikuwa asilimia 29 wa baipasi, 23 wa slivu na 5 wa dawa. Upasuaji wote wawili uliwashinda wa dawa kwa mbali, na baipasi ilitangulia kidogo. Muda wa ugonjwa una uzito mkubwa hapa. Mtu aliyegunduliwa miaka 2 iliyopita na anayetumia vidonge tu ana matumaini makubwa ya sukari kukaa sawa bila dawa, wakati aliye kwenye insulini kwa miaka mingi asitarajie hivyo, hata kama dozi yake itapungua sana. Tena wenye kisukari kwa wastani hupungua kilo chache kuliko wasio nacho, kwa upasuaji wowote. Katika utafiti huohuo, upungufu wa uzito wa miaka 5 ulikuwa asilimia 23 kwa baipasi na 19 kwa slivu. Mwenye kisukari asijipime kwa jirani yake asiye na kisukari.

Dawa na magonjwa mengine. Hapa mizani inageuka upande wa slivu. Anayehitaji kila mara dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni au diklofenaki, kwa mfano kwa ajili ya viungo, hatakiwi kuzitumia baada ya baipasi, maana huleta vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Sigara nayo huleta vidonda palepale, kwa hiyo asiyeweza kuiacha asikimbilie baipasi. Mgonjwa wa Crohn (uvimbe wa kudumu wa utumbo), mtu aliyepandikizwa kiungo na anayetegemea dawa zinyonywe kwa kiwango kilekile kila siku, mtu ambaye utumbo wake umegandana kwa sababu ya upasuaji mwingi wa tumbo huko nyuma: hawa wote slivu inawafaa zaidi.

Vitamini ni kwa wote wawili, kila siku, maisha yote. Baipasi inadai zaidi: B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, na vipimo vya damu angalau kila mwaka. Anayetapika mfululizo baada ya upasuaji wowote kati ya hivi, asikae nyumbani akisubiri ipite. Upungufu wa thiamini, yaani vitamini B1, unaweza kuharibu ubongo na neva ndani ya wiki chache.

Baipasi ina mambo yake mawili ambayo slivu haina kwa kiwango kile. La kwanza ni pale mtu anapokula vitu vitamu sana: sukari inamwagika haraka kwenye utumbo, moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, anataka kulala chini. Wengine husema hilo limewasaidia kuacha vitamu, sawa, lakini usilichague kama adhabu. La pili ni hatari zaidi. Utumbo unaweza kupenya na kujinyonga kwenye nafasi zilizoachwa ndani ya tumbo, hata baada ya miaka mingi. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo kwa mtu aliyefanyiwa baipasi ni dharura ya siku ileile, na anapaswa kumwambia daktari wa zamu neno "baipasi" kabla ya neno lingine lolote. Pombe pia hupanda kichwani kwa kasi zaidi, na waliofanyiwa baipasi wana hatari kubwa zaidi ya kuingia kwenye ulevi, hata wale ambao hawakuwahi kuwa na tatizo hilo.

Wengine kwenye orodha

Mkanda wa tumbo sitaukalia. Umeona namba zake. Wengi waliofungwa huishia kuutoa kwa sababu umeteleza, umemomonyoa tumbo au haukuwapunguza, na vituo vingi vimeacha kuufunga.

Baipasi ndogo, ile ambayo utumbo unaunganishwa mahali pamoja tu badala ya pawili, hupunguza kilo sawa na baipasi ya kawaida. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2019 lilithibitisha hivyo kwa miaka 2, lakini likakuta kuhara na upungufu wa lishe zaidi kwa wagonjwa wake, ambao sentimita 200 za utumbo zilirukwa. Kwa kuwa nyongo inaweza kupanda hadi kwenye kifuko, mwenye kiungulia kikali awe mwangalifu nayo.

Upasuaji wa kuhamisha duodeni ndio wenye nguvu kuliko wote. Unaunganisha slivu na kurukwa kwa sehemu ndefu ya utumbo. Norway na Sweden waliulinganisha na baipasi kwa watu wenye BMI kati ya 50 na 60: baada ya miaka 5, BMI ilishuka pointi 22.1 dhidi ya 13.6. Pengo hilo si la kilo 5, ni la makumi ya kilo. Lakini karibu nusu ya waliohamishwa duodeni walihitaji upasuaji mwingine uliotokana na ule wa kwanza, dhidi ya takriban mmoja katika kumi wa baipasi, na upungufu wa protini na vitamini ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa mwenye BMI 60 aliye tayari kufuatiliwa kwa karibu, unastahili kuzungumzwa. Kwa mwenye BMI 40 sioni sababu.

Puto linalowekwa tumboni kwa miezi 6 hupunguza takriban asilimia 10, kisha hutolewa, na wengi huanza kupanda tena. Kulishona tumbo kwa ndani kwa kutumia endoskopi, kamera inayopitishwa kooni, bila kukata chochote, kulileta asilimia 13.6 kwa mwaka mmoja katika jaribio lililowagawa watu kwa kura. Si haba kwa asiyetaka kisu, ila ajue anachonunua.

Halafu kuna sindano za kupunguza uzito, na hapa mambo yamebadilika sana. Semaglutaidi ya miligramu 2.4 kwa wiki ilileta wastani wa asilimia 14.9 katika wiki 68. Tirzepataidi kwa dozi ya juu kabisa ilileta asilimia 20.9 katika wiki 72. Rudi kwenye jedwali: hiyo ni zaidi ya mkanda, na inaikaribia slivu ya mwaka wa kwanza. Miaka 10 iliyopita hakuna dawa iliyokaribia hapo. Kwa hiyo anayesema leo kwamba upasuaji ni njia pekee amepitwa na wakati. Tofauti iko kwenye kuacha. Waliosimamisha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili za kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Upasuaji nao unaachia kilo, lakini mtu wa baipasi wa Utah alikuwa bado na upungufu wa kilo 35 baada ya miaka 12 bila sindano ya kila wiki. Tena si lazima uchague kimoja: sindano hizi zinatumika sasa kwa waliopasuliwa na uzito ukaanza kurudi, na kwa walio wazito mno ili wapungue kidogo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Wewe uko wapi kwenye wastani

Watafiti wa Lille, Ufaransa, walitengeneza kikokotoo kinachoitwa SOPHIA, kilichochapishwa mwaka 2023, kinachokadiria uzito wa mtu hadi miaka 5 baada ya upasuaji. Kati ya mambo mengi waliyoyachambua, walibakiza 7 tu: urefu, uzito, umri, aina ya upasuaji, kama una kisukari, umekuwa nacho miaka mingapi, na kama unavuta sigara. Nakipenda kwa sababu kinampa mtu mkondo wake mwenyewe wenye ukingo wa juu na wa chini, badala ya namba moja ya kujipigia kifua au kujilaumu. Muulize daktari wako akifungue mkiwa pamoja.

Kwa jumla, mwenye umri mkubwa hupungua kidogo kuliko kijana. Anayeanza na BMI 55 atatoa kilo nyingi kuliko anayeanza na 38, lakini atatua juu zaidi, na mara nyingi bado atakuwa ndani ya kile kinachoitwa unene uliopitiliza. Mtu wetu wa kilo 128, kwa wastani wa baipasi wa miaka 5, anatua kwenye BMI 35. Kama ndoto yake ni kilo 68, hakuna upasuaji kwenye jedwali lile unaoiahidi, na ni heri aambiwe mapema. Kilo 95, zikiambatana na shinikizo la damu lililoshuka, magoti yanayopanda ngazi na usingizi usiokatika kwa kukosa pumzi, ni mafanikio makubwa ya kitabibu. Asiruhusu mtu yeyote amwambie amefeli.

Wanawake wanaotarajia kuzaa wasubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Uwezo wa kuzaa hurudi haraka uzito unapoanza kushuka, wakati mwingine kabla mwenyewe hajajua, na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki vizuri. Kijiti, kitanzi au njia nyingine isiyopitia tumboni ipangwe kabla ya siku ya upasuaji. Nywele hunyonyoka zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 6 na kwa kawaida huota tena protini ikitosha. Ngozi iliyolegea hairudi yenyewe, na inakuwa nyingi kadiri kilo zilizotoka zilivyo nyingi. Vijiwe kwenye kifuko cha nyongo huongezeka kwa kila anayepungua haraka, na ipo dawa ya kuvizuia kwa miezi ya mwanzo, ursodioli. Iulizie.

Kuhusu nani anastahili, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 umeshusha kizingiti: BMI ya 35 na kuendelea hata bila ugonjwa mwingine, na 30 hadi 34.9 kwa mwenye ugonjwa wa kimetaboliki kama kisukari. Ule wa Marekani wa mwaka 1991 ulidai BMI 40, au 35 pamoja na ugonjwa. Ukikataliwa kwa kigezo cha zamani, una haki ya kuuliza wanafuata mwongozo upi.

Ningekuwa namshauri ndugu yangu, ningesema hivi. Una kiungulia cha kudumu, au kisukari: anza mazungumzo kwenye baipasi, na atakayekupeleka kwenye slivu akupe sababu. Huna kiungulia, unahitaji dawa za maumivu au una ugonjwa wa utumbo: slivu. BMI iko kati ya 30 na 35 na huna ugonjwa unaoambatana: sindano kwanza, kisu baadaye kama kitahitajika. BMI inapita 50: tafuta kituo kinachofanya zaidi ya aina moja, kwa sababu daktari anayejua slivu tu atakuona unafaa slivu.

Na kabla ya kusaini, omba kupitishwa kamera ya endoskopi hata kama hujawahi kuhisi kiungulia, maana umio unaweza kuwa umechubuka bila kukupa dalili yoyote. Majibu hayo yapatikane kabla ya kuchagua aina ya upasuaji. Ukishaweka slivu, yatakuwa yamechelewa. Kisha omba matokeo ya kituo hicho yenyewe ya mwaka wa 5: asilimia ya nini, na ni wagonjwa wangapi kati ya waliopasuliwa ambao bado wanahudhuria. Mara nyingi wale ambao kilo zimerudi ndio wanaoacha kuja kliniki, na wastani wa waliobaki hautakuambia habari zao.